Kamba Si Zoezi Langu

Jumamosi, mwezi wa saba, saa tisa alasiri. Upepo ni uleule wa Dodoma wa msimu huu, mkavu, unaopenya chini ya mlango na kuacha vumbi jekundu sakafuni. Jua lipo ila halichomi. Nimekaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba ninayopanga hapa Chang'ombe, kompyuta iko mapajani, na ninaandika kwa vidole viwili kwa sababu vingine vimegoma.

Leo nimesema.

Nilipaswa kuanza na nilichokisema, lakini ngoja niende taratibu.

Nina baridi yabisi. Haya, nimeiandika. Kwa miezi saba nimejaza shajara hii ya mtandaoni habari za vumbi, za wapangaji wenzangu, za maharage yaliyoungua, na sikuwahi kuliweka neno hilo hapa, ingawa wasomaji wangu ni wachache na hakuna anayeijua sura yangu. Daktari alinieleza kwamba kinga ya mwili wangu imekosea adui na inayashambulia maungio yangu mwenyewe. Nilimsikiliza nikiitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia. Moyoni nilikuwa nasema kuna kosa mahali, huu ni ugonjwa wa bibi zetu. Nina miaka ishirini na sita. Nina mwili mkubwa. Nyumbani Njombe nilikuwa nabeba gunia la viazi peke yangu.

Asubuhi ndiyo mbaya. Vidole vinaamka vimekakamaa, vimevimba kwenye vifundo, na kwa zaidi ya saa nzima haviniamini wala mimi siviamini. Kwa hiyo naamka mapema, nachemsha maji, natumbukiza mikono kwenye beseni lenye maji ya vuguvugu, nakunja na kukunjua. Saa moja na nusu nakuwa nimefika ofisini kwetu, upande wa Ihumwa, suruali imepigwa pasi, nimeshika kalamu kama watu wengine.

Karibu kama watu wengine.

Mimi ni karani wa masjala. Barua zote za ofisi zinapitia kwetu, tunazipokea, tunazifungulia majalada, tunazitunza. Kila barua inayoingia kwenye jalada lazima iandikwe namba kwa wino mwekundu, pale juu pembeni, ili mtu akichomoa ukurasa ijulikane. Hiyo ndiyo kazi ndogo kuliko zote masjala, na ndiyo inayonitesa kuliko zote. Namba moja si kitu. Namba themanini kabla ya chai ni jambo jingine.

Nina miezi kumi kazini. Ikifika kumi na miwili, mkuu wa masjala, Mama Sechelela, anaandika taarifa yangu, na kwa taarifa hiyo nitathibitishwa kazini au sitathibitishwa. Ndiyo maana sikumwambia mtu. Nilijiuliza nani atamthibitisha karani ambaye asubuhi hawezi kufungua boksi la majalada, na nikajijibu mwenyewe bila kumpa mtu mwingine nafasi ya kujibu.

Sasa niandike habari ya mazoezi, maana huko ndiko nilikojiharibia.

Daktari aliposema nimeze dawa kwa wakati na nisiache kufanya mazoezi, nilidhani nimesikia vibaya. Nilitegemea aniambie nipumzike. Akanipeleka kwa dada mmoja wa mazoezi tiba, mwenye sauti ya chini na subira ambayo sijaiona kwa mtu mwingine mjini hapa. Alinishika kidole kimoja baada ya kingine. "Hapa? Na hapa?" Kisha akanieleza kwamba maungio yasiyotumika hugandamana, na misuli ikilegea kiungo kinabaki bila mlinzi. Akasema nitembee, nianze na dakika kumi na tano, niongeze polepole mpaka nusu saa. Nikiwa na baiskeli niendeshe, kwenye tambarare. Kuogelea kunafaa sana, akasema, halafu akacheka mwenyewe, maana alijua bwawa lenye maji ya vuguvugu nitalitafuta sana hapa. Niketi kwenye kiti na kuinuka bila kujishika, mara kumi. Nibonyeze sponji laini ndani ya maji ya vuguvugu. Siku kiungo kikiwa kimevimba na kina joto, nisikilazimishe, nikichezeshe kidogo tu kisigande.

Akaninyooshea kidole. "Kuvuta kwa nguvu, kushtua kiungo, kung'ang'ania kitu kizito, hivyo waachie wengine. Na ukimaliza zoezi, angalia baada ya saa mbili. Maumivu yakiwa yamezidi yale uliyoanza nayo, umepitiliza. Punguza. Sijasema acha, nimesema punguza."

Niliyaandika yote kwenye daftari. Kwa mwandiko mbaya, lakini niliyaandika.

Wiki mbili baadaye nikajiandikisha kuvuta kamba.

Anayefanya kazi ofisi za huku ataelewa. Kila mwaka kunakuwa na bonanza la michezo baina ya ofisi, na kila ofisi inataka kombe la kamba kuliko kombe la mpira. Kwetu nahodha ni Lameki, dereva, mtu mwembamba mwenye sauti ya watu sita. Alikuja masjala na karatasi yake, akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa, akapiga makofi. "Mbona mlikuwa mnanificha huyu? Baba, wewe ndiye nanga yangu! Unakaa mwisho, unajizungushia kamba, hakuna mwanadamu wa kukutoa hapo."

Masjala nzima ilinigeukia. Mama Sechelela alikuwa mezani kwake, miwani puani, ananitazama.

Ningeweza kusema hapana. Neno moja tu. Badala yake niliona taarifa yangu, na mahali ameandika hashirikiani na wenzake. Nikasaini. Na niliporudi nyumbani nilijitetea kwa maneno ya daktari: si alisema nifanye mazoezi? Kamba nayo ni mazoezi. Niliitafuna hoja hiyo mpaka ikawa laini, nikaimeza.

Jumamosi ya kwanza tulijaribu tu mwendo na mkao, nikapona. Jumamosi ya pili tulivuta kweli. Tulishinda, wakanipigapiga mgongoni, nikacheka nao. Jumapili sikuweza kufunga vifungo vya shati nikakosa ibada. Jumatatu nilikuwa nashika kalamu kwa ngumi kama mtoto wa chekechea. Nilikuwa nimezoea kwenda kazini na chupa ya chai yenye maji ya moto, na kila baada ya muda najifungia stoo, namimina kwenye kibakuli, naloweka mikono dakika tano. Jumatatu ile nilienda stoo mara nne.

Niliogopa sana wiki hii. Niliogopa kazi, niliogopa vidole, niliogopa hata simu ya mama yangu kwa sababu angeuliza habari za afya nami ningesema nzima. Mwili mkubwa namna hii, na ndani yake mtu anayejikunja akisikia filimbi.

Leo asubuhi nimekwenda uwanjani hivyohivyo.

Mama Sechelela alikuja kama kawaida yake, trakisuti, kitenge juu ya trakisuti, filimbi ya kuanzishia mazoezi shingoni, raba nyeupe ambazo hazijawahi kukimbia. Yeye ni Mgogo wa Chamwino na salamu yake haibadiliki. "Mbukwenyi!" Hata sisi tuliotoka mbali tumeshajifunza kuitikia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye chupa yangu. Sikulitilia maanani.

Tukagawanywa pande mbili. Lameki akanipeleka mwisho wa kamba. Nikajizungushia, nikaishika.

Vidole vikafunga nusu.

Nikavisukuma kwa mkono mwingine. Vikafunga nusu. Mbele yangu kulikuwa na migongo tisa, watu wameshachimba visigino ardhini, wananitegemea. Nikawaza filimbi ikilia na kamba ikanichomoka, hawa wote wataburuzwa kifudifudi kwenye changarawe, na kosa litakuwa langu peke yangu, tena nitakuwa nilijua. Nafikiri hilo ndilo lililonisukuma. Si ushujaa. Nilihesabu tu nikaona aibu ya kusema ni ndogo kuliko ile nyingine.

Nikaiachia kamba. "Kaka Lameki, siwezi."

"Huwezi nini? Hata filimbi haijalia!"

"Mikono. Siwezi kushika."

"Jamani, mwili wote huo ni wa kupigia picha?" mtu mmoja akauliza kutoka upande wa pili, na mwingine akasema nipewe uji kwanza. Uwanja ukacheka. Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma hadi sasa ninapoandika, kwamba nilicheka.

Mama Sechelela hakucheka. Alipuliza filimbi mpaka kukawa kimya. "Wewe Erasto, njoo huku. Njoo na hiyo chupa yako."

Tukaenda nyuma ya goli. Alisimama akiupa upepo mgongo, mikono kiunoni.

"Fungua."

Nikajaribu. Kifuniko nilikuwa nimekikaza nyumbani kwa kukibana katikati ya magoti, na sasa hakikusogea. Nikajaribu kwa kiganja. Nikajaribu kwa pindo la fulana. Alinitazama muda mrefu, na nikaona uso wake unabadilika kidogo.

"Unaniogopa au huwezi?"

"Vyote viwili, mama."

Akaichukua, akaifungua kwa mara moja tu. Akanusa. Akanusa tena. Kisha akamimina kidogo kwenye kiganja chake, akaonja kwa ncha ya ulimi, mkuu wa masjala mzima, nyuma ya goli.

"Maji," akasema, kama mtu aliyedhulumiwa.

"Ndiyo, mama."

"Maji matupu! Mimi miezi mitatu hii najua unakunywa mvinyo."

Sikuelewa. Ikabidi anifafanulie. Anasema anaujua mwandiko wa kila karani aliyepita mikononi mwake. Anasema mwanzoni namba zangu nyekundu zilikuwa zimesimama kama askari, halafu zikaanza kuyumba. Za asubuhi zinapepesuka, za mchana zimetulia. Za Jumatatu ya wiki hii hazikusomeka kabisa. Na kijana mwenyewe anajifungia stoo na chupa, anatoka macho mekundu.

"Wewe ungekuwa mimi ungefikiri nini?"

Nikaitazama chupa mkononi mwake.

"Nimeshaandika, mwanangu," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kwenye taarifa yako. Ni kwa penseli, lakini nimeandika."

Shajara, hapo ndipo nilipolia. Kidogo, lakini nililia. Miezi yote nimeuficha ugonjwa ili nisipoteze kazi, na ule uficho wenyewe ndio uliokuwa unaniondoa, taratibu, kwa penseli.

Nikamwambia yote. Jina la ugonjwa, beseni la alfajiri, dawa, stoo, ruhusa nilizoomba nikisema naenda benki kumbe nakwenda kliniki. Nilidhani nikimaliza atanihurumia. Alikasirika.

"Na kamba ulijiandikisha ya nini?"

"Niliogopa kusema hapana."

"Kwa hiyo umeuonea huruma mdomo, ukaona bora mikono ife?"

Nikacheka katikati ya machozi, naye akaguna, akanifungia chupa. Hakuikaza.

"Haya. Huko hospitali walisema ufanye zoezi gani?"

"Nitembee, mama."

"Basi tutembee. Siwezi kusimama hapa tunatazamana kama wachumba, na upepo huu."

Tukauzunguka uwanja. Tulianza polepole sana, maana magoti yangu yalikuwa bado mazito na raba zake zilikuwa zinambana. Lameki akatuona. "Mama, unaniibia nanga yangu!"

"Tafuta jiwe!" akamjibu bila kugeuka.

Katika mzunguko wa pili akaanza kuniuliza maswali, moja moja, kama anayepekua jalada. Mikono inakuwa nzuri saa ngapi? Nikasema baada ya saa nne. Kompyuta naiweza? Naiweza, hata asubuhi, nikienda taratibu. Maboksi je? Asubuhi siyawezi. Mchana nayaweza kwa kuyakumbatia, si kwa kuyabeba kwa vidole. Lilikuwa jambo geni kwangu kusema siwezi hiki, naweza kile, bila kuomba radhi kila baada ya sentensi. Nadhani niliomba radhi mara mbili tu.

Mzunguko wa tatu goti lilianza kunung'unika. Nikafikiri nilivumilie mpaka wa nne ili asinione dhaifu. Kisha nikajiona ninavyotaka kurudia kosa lilelile, kabla hata macho hayajakauka. Nikasema, "Mama, hapa nimefika."

"Umefika," akasema, akasimama. "Mimi nimefika tangu wa kwanza."

Tulipoagana hakuniahidi chochote, na niandike hilo wazi ili nisije nikajidanganya kesho. Alisema Jumatatu nikaombe barua kwa daktari, niipeleke kwake na kwa afisa utumishi. Alisema yeye haandiki taarifa kwa huruma, anaandika anachokiona. Akaitazama filimbi yake. "Ila nilikuwa naona vibaya," akasema.

Lameki alikuja kunipa mkono wakati naondoka, halafu akakumbuka, akanigusa bega tu. Hakuwa na hasira, alikuwa ameumia. "Ungeniambia mapema. Mimi nimekutangaza hadi kwa ofisi za jirani." Sikuwa nimefikiria kwamba ukimya wangu unamgharimu mtu mwingine. Nilikuwa nimeufikiria kama kitu changu binafsi, kama mswaki.

Sasa zimepita zaidi ya saa mbili tangu tutembee. Nimejipima kama dada wa mazoezi tiba alivyonifundisha, kiungo kwa kiungo. Goti la kulia linasema kidogo, lakini si zaidi ya asubuhi. Nyonga zimelegea. Mikono ni ileile. Kwa mara ya kwanza nimefanya zoezi na mwili haukunilipizia kisasi. Mizunguko mitatu, polepole, na mama wa makamo mwenye raba za kubana. Ni kidogo kiasi kwamba ningeona haya kumsimulia mtu wa Njombe aliyeniona na gunia mgongoni. Lakini ni kipimo changu kwa leo, na ninaweza kukirudia.

Bado naogopa. Ningependa kuandika kwamba hofu imeondoka, ingependeza kusoma, lakini imekaa hapa ngazini pembeni yangu, inaota jua nami. Afisa utumishi simjui vizuri. Barua ya daktari inaweza kusomwa kwa namna mbili. Wanaweza kusema wanahitaji karani mwenye vidole vizima, nami sitakuwa na la kubishana nalo.

Ila nimekuwa nikijiuliza tangu nifike nyumbani: kama wangenithibitisha bila kujua, wangekuwa wamemthibitisha nani? Yule anayejifungia stoo. Yule ambaye ningelazimika kumwigiza kila siku mpaka kustaafu, na asubuhi zake zote nikazibeba mimi. Jumatatu, litakalotokea na litokee, nataka taarifa ile imwandike mtu ninayeishi naye.

Leo jioni nitampigia mama yangu. Akiuliza habari za afya, sitasema nzima. Nitaanza na habari za mizunguko mitatu, halafu nitarudi nyuma taratibu mpaka kwenye jina lenyewe. Atalia, ataniambia nirudi nyumbani, na mimi nitamwambia hapana. Neno moja tu. Nafikiri sasa nitaliweza.